Foleni anayoambiwa kaka yako akapange iko wapi?

Swali: Kaka yangu aliondoka Tanga mwaka 2003 kwenda kusoma chuo Texas. Mwaka wa pili ada ikamshinda, akaacha chuo, akaanza kubeba boksi, na hajarudi mpaka leo. Mama alifariki 2019, hakuja kuzika. Analipa kodi, hana kesi yoyote, ana binti aliyezaliwa huko 2008. Kila uchaguzi wa Marekani tunaambiwa safari hii msamaha unakuja. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anasema mvunja sheria arudi kwao akapange foleni kama wenzake. Naomba unieleze, foleni hiyo iko wapi? Na kama mwaka 1986 waliwapa watu makaratasi, sasa wanashindwa nini? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Pole kwanza kwa msiba wa mama, dada yangu. Miaka imepita, lakini aliyeshindwa kumzika mzazi wake hamalizi matanga siku ya arobaini. Katika kazi hii ya sheria za uhamiaji nimekutana na wengi wa aina ya kaka yako, waliofuatilia maziko kwenye simu wakiwa ndani ya gari, na sare ya kazi mwilini kwa sababu zamu inaanza baada ya nusu saa.

Nianze na mwalimu, maana hoja yake si ya kubeza. Anaamini kuna foleni, na kwamba kaka yako ameiruka. Mtu akiruka foleni ya kivuko sote tunapiga kelele. Ila foleni ya Marekani si moja. Ni milango kadhaa, na juu ya kila mlango imeandikwa aina ya mtu anayeruhusiwa kusimama pale. Kijana wa Tanga aliyeishiwa ada hakuandikwa kwenye mlango wowote.

Tuipite. Mlango wa ndugu ni wa mtu mwenye kaka au dada ambaye tayari ni raia wa Marekani. Una nafasi 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na waliokuwa wakiitwa mwaka 2025 ni wale ambao maombi yao yalifunguliwa karibu mwaka 2008. Mlango wa kazi una nafasi 140,000, na humo humo wanahesabiwa wake, waume na watoto wa wafanyakazi. Umejaa wahandisi, madaktari na watafiti. Msafisha hoteli, mlezi wa wazee na mpakia mizigo wametengewa kona yao, na sheria ya 1990 iliipa kona hiyo nafasi 10,000 kwa mwaka, dunia nzima. Mwaka 1997 Bunge likazimega hata hizo. Linganisha na watu milioni 14, ambao ndio makadirio ya taasisi ya utafiti ya Pew ya wasio na vibali kwa mwaka 2023, utaona kwa nini nasema hiyo si foleni.

Unabaki mlango wa bahati nasibu ya viza, ambao Watanzania na Wakenya tunaufahamu kuliko mingine. Sheria inaruhusu hadi nafasi 55,000 kwa mwaka. Kaka yako angeweza kucheza hata akiwa hukohuko, lakini kwa kuwa alishapoteza hadhi yake, akishinda hawezi kubadilishiwa makaratasi ndani ya nchi. Lazima atoke, akafanyiwe usaili ubalozini. Kutoka kuna mambo yake, nitayafikia.

Upo na mlango wa hifadhi, ambao vijana wetu wameutafutia jina lao: kujilipua. Unajitangaza Msomali au Mrundi, unasimulia vita usivyoviona. Sitahubiri. Nitasema tu kwamba alama za vidole ulizoacha ubalozini Dar es Salaam ulipoomba viza zinakusubiri kwenye kompyuta, na ombi la hifadhi likithibitika kuwa la uongo wa makusudi linafunga milango yote iliyobaki, maisha. Kaka yako kama hakujilipua, alifanya la maana bila hata kujua.

Sasa ile sehemu ya "arudi kwao". Mwalimu angeisoma sheria ya 1996 angeshangaa. Bill Clinton aliisaini Septemba 30 mwaka huo, ikaanza kutumika Aprili 1997. Inasema hivi: aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, haruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Kifungo hicho cha kutorudi kinakaa kimya muda wote ukiwa ndani ya nchi. Kinaamka siku unayovuka mpaka kutoka. Yaani sheria inamwambia mkosaji, ukitii ukarudi kwenu ndipo nitakapokuadhibu.

Waathirika wakubwa walikuwa Wameksiko. Kwa miongo mingi wanaume walikwenda kuvuna nyanya na zabibu California, msimu ukiisha wakarudi kwa wake zao. Kuanzia 1994 mpaka wa San Diego ukawekewa uzio na askari wengi, kuvuka kukawa ghali na hatari, na miaka miwili baadaye ikaja sheria hii. Mtu mwenye akili timamu akafanya hesabu: sitoki tena, namleta mke na watoto. Wasio na vibali walikuwa milioni 3.5 mwaka 1990. Kufikia 2007 walikuwa milioni 12.2. Sisemi ni sheria moja iliyofanya hayo, uchumi wa miaka ile ulikuwa unameza vibarua kama moto wa nyikani. Lakini ukuta uliojengwa kuzuia watu kuingia uliishia kuwazuia wasitoke, na mpaka leo ndio kazi yake kubwa.

Kwa kaka yako kuna jambo ambalo hata baadhi ya mawakili hulipita. Mwenye viza ya matembezi hugongewa tarehe ya mwisho ya kukaa, ikipita siku zinaanza kuhesabiwa. Mwanafunzi wa wakati wake hakupewa tarehe. Aligongewa herufi mbili, D/S, maana yake unakaa muda wote unaotimiza masharti ya masomo. Alipoacha chuo alipoteza hadhi, na anaweza kufukuzwa kwa hilo. Lakini zile siku za kifungo cha miaka 3 au 10 hazianzi kuhesabiwa kwa mtu wa D/S mpaka ofisa wa uhamiaji atoe uamuzi rasmi kwenye ombi lake, au jaji aamue. Serikali ilijaribu kubadili tafsiri hiyo mwaka 2018, mahakama ikaizuia, na mwaka 2020 ikaifuta kabisa. Agosti 2025 serikali ikapendekeza kanuni ya kuwapa wanafunzi tarehe maalumu badala ya D/S. Kwa hiyo watu wawili walioondoka Dar kwa ndege moja, mmoja kwa viza ya masomo na mwingine ya matembezi, wote wakakaa miaka 20, mbele ya kifungo hiki si sawa hata kidogo.

Usiruke kwa furaha na kumwambia aje Idd. Kifungo kinaweza kuwa hakimgusi, lakini akitoka atahitaji viza mpya ya kurudia, na ofisa wa ubalozi akiona historia ya miaka 20 na zaidi hatampa ya matembezi. Atabaki huku, binti atabaki kule.

Sasa mwaka 1986. Ronald Reagan, wa chama cha Republican, alisaini sheria Novemba 6 mwaka huo, na watu takriban milioni 2.7 wakapata ukaazi. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: uwe umeishi nchini tangu kabla ya Januari 1, 1982, au uwe umefanya kazi za mashambani siku 90 katika mwaka ulioishia Mei 1, 1986. Upande wa pili wa mapatano ulikuwa waajiri. Kwa mara ya kwanza ikawa kosa kumwajiri kwa kujua mtu asiye na kibali, na kila mfanyakazi mpya akatakiwa kujaza fomu I-9, ya kuonyesha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi.

Wanaopinga msamaha leo wanakuelekeza hapo: tulisamehe, wakaja wengine mara nne. Na kwa namba wako sahihi. Msamaha ulifika, ukaguzi wa waajiri haukufika. Sheria ilimtaka mwajiri aangalie tu kama vitambulisho vinaonekana vya kweli, na vya bandia vilikuwa vinauzwa mitaani Los Angeles mchana kweupe. Hapohapo, hakuna aliyefungua njia halali ya kutosha kwa vibarua watakaohitajika kesho na keshokutwa. Mashamba hayakuacha kuhitaji mikono, na mpaka sasa takriban wanne kati ya kila wavunaji kumi hawana vibali. Ndiyo maana mimi simcheki anayesema msamaha mtupu utaleta msamaha mwingine baada ya miaka 30. Nadhani amekosea dawa tu.

Kuna kitu kingine ndani ya sheria ileile ya 1986 ambacho hakisemwi sana, nami naona ndicho jibu zuri kuliko yote. Tangu 1929 Marekani ina kifungu kinachosema aliyeingia kabla ya tarehe fulani, akaishi mfululizo na kwa tabia njema, anaweza kuomba aandikishwe kuwa mkaazi wa kudumu. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1921. Bunge likaisogeza hadi 1924, kisha 1940, kisha 1948, na mwaka 1986 wakaifikisha Januari 1, 1972. Ikakwama hapo. Kifungu bado ni hai, kinasubiri wazee walioingia Elvis Presley akiwa bado jukwaani. Kusogeza tarehe hakuhitaji kitabu cha kurasa elfu, ni kubadili mwaka mmoja kwenye sentensi. Mwaka 2021 wabunge wa chama cha Democratic walijaribu kuusogeza hadi 2010 kwa kuupachika kwenye muswada wa bajeti, ambao hauhitaji kura 60 za Seneti. Mshauri wa kanuni za Seneti akasema hilo si suala la bajeti, likatolewa. Kaka yako, wa 2003, alikuwa ndani ya tarehe hiyo.

Hizo kura 60 ndizo zinazoua mambo. Seneti ina viti 100, na muswada wa kawaida hauendi kupigiwa kura ya mwisho bila 60 kukubali mjadala ufungwe. Mwaka 2007 George W. Bush aliunga mkono mageuzi, yakaanguka kwa kura 46 dhidi ya 53. Desemba 2010 muswada wa vijana walioletwa wadogo ulipata 55, na 55 hazitoshi. Obama akawapa vijana hao kinga ya muda mwaka 2012 kwa amri ya kiutawala, na kesi zake mahakamani hazijaisha hadi watoto hao wamekuwa wazazi.

Mwaka 2013 ndio uliokaribia. Maseneta wanane, wanne kila chama, waliandika muswada mmoja, ukapita Seneti Juni 27 kwa kura 68 kwa 32. Mtu kama kaka yako angepewa kibali cha muda, alipe faini na kodi, asubiri miaka 10 apate kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, na mingine 3 awe raia. Waajiri wote wangelazimika kukagua wafanyakazi kwa mfumo wa kompyuta. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria ungepunguza nakisi ya serikali kwa takriban dola bilioni 700 katika muongo wa pili. Spika wa chumba kingine cha Bunge, Baraza la Wawakilishi, John Boehner, hakuuleta upigiwe kura. Ukafa kabatini.

Tuliulilia sana muswada ule, na wachache wetu waliusoma wote. Ulikuwa unafuta bahati nasibu ya viza. Ulikuwa pia unafunga mlango wa kaka na dada wa raia. Yaani kaka yako Texas angepona, na mpwa wako Tanga aliyekuwa akicheza bahati nasibu kila Oktoba angefungiwa. Hayo ndiyo mapatano yanavyokuwa: wanaotaka wahamiaji wachache huuliza, tukiwasajili hawa, mtatupunguzia wapi? Mara nyingi kidole kinaelekea Afrika, kwa sababu tuna wabunge wachache wa kututetea kule kuliko Wameksiko au Wahindi. Mtu akikuambia anaunga mkono mageuzi, muulize ni yapi, na nani analipia.

Na hizi kodi anazolipa kaka yako? Mwalimu anaweza kudhani ni maneno ya kujipamba. Siyo. Taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP ilikadiria kwamba mwaka 2022 wasio na vibali walilipa kodi dola bilioni 96.7, na kati ya hizo bilioni 25.7 ziliingia kwenye mfuko wa pensheni ya wazee, na wengi wa walipaji hao hawataonja senti yake. Upande wa mishahara nitakuwa mkweli pia. Ripoti kubwa ya akademia ya sayansi ya Marekani ya 2016 iliona wahamiaji kwa ujumla hawashushi mishahara kwa muda mrefu, ila pale maumivu yanapoonekana, yanawapata walioacha sekondari na wahamiaji waliotangulia. Yaani anayeumizwa na kibarua mpya asiyeweza kulalamika kwa mwajiri ni kibarua wa jana, mara nyingi mwenye ngozi na lafudhi kama yake. Kumpa karatasi huyo mpya kunamwezesha kudai malipo ya saa za ziada, na hilo linamlinda na yule wa jana.

Kabla hatujawanyooshea kidole wenzetu, mwalimu akumbuke na ya kwetu. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa Kagera, Kigoma na Geita maelfu ya watu, wakiwamo walioishi hapo miongo na kuzaa hapo. Nchi hiyohiyo, miaka ileile, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa familia zilizokimbia mauaji ya 1972. Serikali moja ilifanya yote mawili, na tuliishi.

Kwa sasa, kutoka Washington, usitegemee neno msamaha. Sheria ya bajeti ya Julai 2025 ilimwaga fedha nyingi mno kwenye ukamataji na mahabusu, na ikaweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje kwa noti taslimu kuanzia Januari 2026. (Mwambie atume kwa akaunti ya benki au kadi yake, hiyo haikatwi.) Muswada unaozungumziwa na vyama vyote viwili, wa wabunge María Elvira Salazar na Veronica Escobar, unampa aliyekuwapo kabla ya mwisho wa 2020 hadhi ya miaka 7 kwa kulipa dola 7,000, bila njia ya uraia. Haujapita. Kwa hiyo akija kishoka, na wapo Waswahili wenzetu wanaofanya biashara hii makanisani na misikitini, akamwambia "fomu za msamaha zimetoka, lete dola 1,500", amfukuze.

Nimeacha la kaka yako mwisho kwa sababu ndilo lenye tumaini, na halisubiri Seneti. Binti wa 2008 ni raia wa kuzaliwa. Mwaka 2029 anatimiza miaka 21, na raia wa umri huo anaweza kumwombea mzazi wake. Mzazi wa raia hana foleni, nafasi zake hazina kikomo. Na kwa kuwa kaka yako aliingia uwanja wa ndege kwa viza na kugongewa muhuri, sheria inamsamehe kupitiliza muda na hata kufanya kazi bila kibali, mradi aombe akiwa ndani ya nchi. Aliyeingia kwa njia za panya hana bahati hiyo. Ndiyo maana nasema asitoke.

Kuna mashimo matatu njiani. La kwanza ni ile fomu I-9. Wengi waliokuwa wakihangaikia kazi walitia alama kwenye kisanduku cha "raia". Kudai uraia kwa uongo ili upate kazi kunafunga kadi ya kijani maisha, hata kwa mzazi wa raia, na hakuna ombi la kusamehewa. Fomu za kabla ya 2009 zilikuwa na maneno yenye utata pale, wakili mzuri anaweza kuyatumia. Kama ndivyo alivyofanya, amwambie wakili kabla ya kujaza chochote. La pili ni gari. Texas haitoi leseni ya udereva kwa asiye na kibali, hivyo kila asubuhi akiwasha gari kwenda kazini anacheza pata potea. Bora apande na mwenzake. La tatu ni usaili wenyewe ukifika, maana kumekuwa na waliokamatwa hata kwenye ofisi walikoitwa. Asiende peke yake.

Mtu asimshauri ajisalimishe akidhani miaka 10 ya kukaa inampa haki. Ipo kinga ya namna hiyo, lakini hutolewa na jaji tu, kwa mtu ambaye tayari ameshtakiwa afukuzwe, akithibitisha kwamba mtoto, mzazi au mwenzi aliye raia au mkaazi atapata mateso yasiyo ya kawaida kabisa. Nafasi zake ni 4,000 kwa mwaka kwa nchi nzima. Hiyo ni ya dharura.

Ukiongea naye wiki hii, muulize jambo moja: pasipoti ile ya 2003 bado anayo? Ndani yake kulikuwa na kikaratasi cheupe kimebanwa kwa pini, fomu I-94, chenye muhuri na zile herufi D/S. Kama kipo, akitoe nakala tatu, moja akutumie wewe Tanga. Kama kilipotea kwenye kuhamahama, asikate tamaa, wakili anaweza kuomba kumbukumbu zake serikalini, ila aanze sasa, zinachukua muda kupatikana.